Mrithi wa Sauti

Mwaka 1985 Hugo Kisima, mmiliki wa Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi yake iliyokuwa ikiongozwa na Ndala Kasheba, kisha akaenda kuchota waimbaji na wapigaji wa Mlimani Park, bendi ya mtindo wa Sikinde. Muhiddin Maalim Gurumo akahama. Hassan Bitchuka akahama. Abel Balthazar naye akahama. Ikazaliwa International Orchestra Safari Sound na mtindo wake wa Ndekule, na wapenzi wa Sikinde wakabaki na jina la bendi, na mwanamuziki wake Michael Enoch, na kazi ya kujenga upya kikosi kilichobomolewa. Ubishi uliozuka hapo haujaisha mpaka leo kwa watu wa umri fulani: baada ya 1985 Sikinde yenyewe ilikuwa wapi? Wapo walioapa kwamba Sikinde ilihama pamoja na koo za Gurumo na Bitchuka, na kilichobaki ni kibao cha mlangoni. Wapo waliosema Sikinde haikusogea hata hatua moja, waliosogea ni waajiriwa. Ubishi huu huchukuliwa kuwa wa vijiweni, wa watu wenye muda wa kupoteza. Mimi naona ni swali la falsafa lililovaa nguo za kazini, na lina upande wa dini ambao sisi wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa tuna sababu ya pekee ya kuuona.

Wagiriki wa kale walilijua swali hili kwa sura ya merikebu. Plutarch anasimulia kwamba watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya shujaa Theseus kwa miaka mingi, kila ubao ulipooza wakitia mpya, mpaka wanafalsafa wakaanza kubishana kama ni ileile. Katika karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes aliongeza uchokozi: vipi kama mtu angekuwa anaziokota zile mbao kuukuu, moja baada ya nyingine, akaziunda upya mahali pengine kwa mpangilio uleule? Sasa merikebu zimekuwa mbili, na kila moja ina hoja. Hobbes hakujua, lakini alikuwa ameieleza Dar es Salaam ya 1985 neno kwa neno. Kisima aliokota mbao. Enoch alitia mpya. Wanafalsafa waliokuja baadaye wametumia wino mwingi kupima ni merikebu ipi yenye haki zaidi: yenye mbao za asili, yenye umbo lisilokatika, au yenye kazi ileile. Kosa lao, kwa maoni yangu, ni kwamba wote wanaitazama merikebu tu. Hakuna anayegeuka kuwatazama watu wa Athens waliosimama ufukweni, ambao ndio waliokuwa na sababu ya kuitunza tangu mwanzo. Hoja yangu ni kwamba jibu liko kwao. Bendi ni kiti, na mwimbaji mpya haketi juu yake kwa sababu ana sauti nzuri au kwa sababu mwenye vyombo amemwajiri. Huketishwa, na wanaomketisha ni mashahidi. Hasira ya mashabiki mwimbaji wao anapobadilishwa si utoto wala ukosefu wa adabu. Ni sehemu ya kazi ya kumketisha mrithi, na bila hasira hiyo urithi haukamiliki.

Mtu wa huku kwetu, wa Ikolo, au wa Ipinda, au wa Mwaya, hahitaji kuvuka bahari kutafuta mfano. Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, na vitabu alivyoandika Monica baadaye vimeeleza kwa kina jinsi madaraka yalivyokuwa yakipita kutoka kizazi hadi kizazi. Mara moja katika kila kizazi ilifanyika ubusoka, siku ambayo watoto wa malafyale, yaani chifu, pamoja na rika lao walitoka hadharani kushika nchi. Mioto yote ya zamani ilizimwa, ukapekechwa moto mpya. Wazee waliokuwa wakiondoka ndio waliowachagua wakuu wapya wa vijiji, na nchi nzima iliona. Juu ya malafyale walikuwapo wenye viti vikubwa zaidi: Lwembe, aliyeabudiwa Lubaga kule milimani Rungwe, na nduguye kwa mapokeo, Kyungu wa Ngonde, ng'ambo ya mto Songwe. Lwembe akifa, Lwembe hakufa. Makuhani walimkamata mtu mwingine wa ukoo huo, mara nyingi akiwa hataki kabisa, kwa sababu kiti kile kilifupisha umri, nacho kikampa jina lake na mzigo wake. Mvua, mavuno na uzazi vilitegemea kwamba kiti kina mtu. Hakuna aliyesimama kuuliza kama Lwembe mpya ana pua ya Lwembe wa zamani. Swali lilikuwa: ameshikwa na waliostahili kumshika? Amepitishwa mahali panapostahili? Watu wameona?

Ndani ya nyumba za kawaida mambo yalikwenda kwa kanuni hiyohiyo. Msiba wa Kinyakyusa ulikuwa na ngoma, na wanaume walicheza kwa mikuki wakati wenzao wakilia. Wageni wa Ulaya walishangaa, wenyeji hawakushangaa. Katika maelezo ya Monica Wilson, ibada za mazishi zilikuwa na mwendo wa hatua mbili ambao nadhani ndio ufunguo wa jambo zima. Kwanza marehemu alifukuzwa: atoke kwenye ndoto, atoke mwilini mwa waombolezaji, asiwasumbue. Baada ya hapo alirudishwa, lakini sasa kama mzimu mwema, akakaribishwa kuota moto nyumbani pamoja na waliomtangulia. Mrithi aliingia kwenye nafasi kati ya hatua hizo. Angeingia kabla ya marehemu kufukuzwa, angekuwa mvamizi. Na marehemu asiporudishwa, mrithi anakuwa mtu asiye na baba. Kilio, basi, hakikuwa kizuizi cha kurithi, bali ndicho kilichofagia njia.

Wakristo, ambao huku ni wengi tangu wamisionari wa Moravian na wa Berlin walipoingia 1891, wanalisoma jambo hilohilo katika Wafalme wa Pili, ingawa sijasikia likihubiriwa kwa upande huu. Eliya ameondoka, Elisha ameliokota vazi lake, amepiga maji ya Yordani yakagawanyika. Wana wa manabii wa Yeriko wameona kwa macho yao na wakakiri kwamba roho ya Eliya iko juu yake, wakamwinamia. Je, yakaisha? Hayakuisha. Watu haohao walimsihi awaruhusu watume watu hamsini wenye nguvu wakamtafute bwana wake milimani na mabondeni. Elisha alikataa, wakamshurutisha mpaka akaona haya, akasema nendeni. Wakatafuta siku tatu, hawakumwona. Mwandishi wa kale alijua jambo la watu: unaweza kumkubali mrithi leo asubuhi, na mchana ukaenda kumtafuta wa zamani. Mambo hayo mawili hayapingani. Na tazama vigezo walivyoweka mitume walipotaka kuliziba pengo la Yuda. Petro hakusema atafutwe mwenye ufasaha kuliko wote. Alisema awe mtu aliyefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana hadi siku ile ya kupaa, ili awe shahidi pamoja nao. Kura ikamwangukia Mathiya, ambaye baada ya hapo hasikiki tena katika kitabu kile. Kiti kilikuwa kimejaa, na hilo lilitosha.

Sasa turudi kwenye dansi. Salum Abdallah, mwanzilishi na sauti ya Cuban Marimba ya Morogoro, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na kwa kila kipimo cha kawaida bendi ile ingezikwa naye. Juma Kilaza, aliyekuwa ndani ya bendi ileile, akashika, na Cuban Marimba ikaingia miaka ya 1970 ikiwa hai. NUTA Jazz iliyoanzishwa 1964 ilimpoteza Gurumo mwaka 1978, alipokwenda na wenzake kuianzisha hiyohiyo Mlimani Park. Watu husahau kwamba aliyechotwa 1985 alikuwa amekwisha kuchotwa mara moja. Bendi ikaitwa JUWATA, ikaja kuitwa OTTU, ikaja kuitwa Msondo Ngoma. TX Moshi William akaingia miaka ya 1980 akawa sauti ambayo kizazi kizima hakikujua kwamba kabla yake palikuwa na nyingine. Majina matatu ya kwanza yalikuwa ya vyama vya wafanyakazi. La kudumu lilikuwa la mtindo, Msondo, jina la ngoma ya kale kama lilivyo Sikinde, ambayo ni ngoma ya Wazaramo. Si bahati tu kwamba bendi mbili zilizostahimili kuhamwa kuliko zote zilijipa majina ya ngoma. Ngoma haina mwimbaji mmoja. Ina wanaoijua.

Nje ya Afrika ushahidi ni uleule. Bon Scott wa AC/DC alifariki Februari 1980, na mwezi Julai wenzake wakatoa albamu mpya wakiwa na Brian Johnson. Jalada lake lilikuwa jeusi, vazi la matanga waziwazi, na Johnson alikuwa mwimbaji ambaye Scott mwenyewe aliwahi kumsifu mbele ya wenzake. Tangu hapo Johnson ameziimba nyimbo za Scott jukwaani, za marehemu na zake pamoja. Linganisha na Van Halen, ambao mwaka uleule wa 1985 walitengana na David Lee Roth wakamchukua Sammy Hagar. Albamu ya kwanza ya Hagar ilifika kileleni Marekani, kitu ambacho Roth hakuwahi kukipata na bendi ile. Lakini jukwaani nyimbo za Roth zikawa chache, na mpaka leo wapenzi wao wamegawanyika kama vile ni bendi mbili zenye jina moja. Mauzo yalikuwa makubwa, matanga hayakuwapo, na urithi haukukamilika. Kinachotenganisha visa hivi viwili si ubora wa koo, maana Hagar ni mwimbaji hodari. Mmoja aliwaimbia waliobaki nyimbo za aliyeondoka, mwingine aliwaomba wazisahau.

Hapo atasimama mtu na kusema: wewe unazungumzia watu wa ukumbini, waliomwona Enoch na kupiga makofi. Sisi tulikuwa karibu kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Kwa mtu wa Ikolo, bendi haikuwa kiti wala ukumbi wala kikosi. Ilikuwa sauti iliyotoka redioni jioni, na sauti ikibadilika hakuna kingine kinachobaki. Pingamizi hili ni zito, na ndilo ninaloliheshimu kuliko mengine, kwa sababu linasema kweli kuhusu jinsi muziki ule ulivyotufikia. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyozirekodi bendi studioni kwake na kuzihifadhi kwenye mikanda, na mpaka stesheni binafsi zilipoanza miaka ya 1990, alichoamua mtangazaji kupiga ndicho kilichosikika nchini. Lakini fuatilia pingamizi hilo mpaka mwisho uone linakupeleka wapi. Kwenye mkanda, Gurumo hakuhama kamwe. Mtangazaji wa 1990 aliweka kibao cha Mlimani cha miaka ya mwanzo ya 1980, akataja Mlimani Park, na sauti ya Gurumo ikatoka, ilhali mwenye sauti alikuwa akilipwa kwingine. Msikilizaji wa mbali, basi, ndiye ambaye hakuwahi kunyang'anywa kitu. Alichokuwa nacho kilikuwa tayari ni cha hatua ya pili, mzimu mwema unaoota moto. Aliyepata jeraha ni yule wa Dar es Salaam aliyekwenda Jumamosi akakuta jukwaani kuna mtu asiyemjua. Ikiwa bendi ingekuwa sauti peke yake, wa Ikolo na wa Kariakoo wangelia sawasawa. Hawakulia sawasawa, kwa sababu mmoja alikuwa shahidi aliyetakiwa kuketisha mtu na mwingine hakuombwa kitu.

Mwingine, mwenye jicho la mhasibu, atasema nimelipamba jambo la fedha kwa maneno ya ibada. Bendi zilizodumu zilikuwa za mashirika: NUTA ya chama cha wafanyakazi, Mlimani ya shirika la teksi na kisha, kuanzia 1983, ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam. Shirika lina magitaa, lina mshahara, lina ukumbi, kwa hiyo mwimbaji akiondoka mwingine anaajiriwa. Bendi za mtu mmoja hufa na mtu huyo. Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 ikanyauka, akaunda Super Volcano, na alipofariki kwa ajali ya barabarani Mombasa mnamo Januari 1979 Super Volcano nayo haikuchukua muda. Nakubali nusu ya hoja hii. Vyombo ni muhimu, na mtu aliyewahi kujaribu kupiga dansi bila amplifaya analijua hilo kuliko mwanafalsafa. Ila nusu ya pili inakwama kwa mtu yuleyule tuliyeanza naye. Kisima alikuwa na vyombo. Alikuwa na fedha za mishahara. Alikuwa na koo zenyewe, mbao za asili kabisa. Ndekule ikapendwa, hilo halikanushiki, lakini ilipendwa kama Ndekule. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa imekwisha, Gurumo amerudi kwenye bendi aliyoianza 1964, na Sikinde ilikuwa bado inaitwa Sikinde. Na Cuban Marimba ya Kilaza haikuwa na shirika la umma nyuma yake. Fedha hueleza kwa nini kiti hakikuuzwa kuni. Haielezi kwa nini watu walikubali kwamba aliyekikalia ndiye.

Pingamizi la tatu ni la kifalsafa na linauma zaidi. Kama bendi ni ile ambayo mashahidi wanasema ni ile, basi hakuna ukweli, kuna umati tu. Na umati hudanganywa, hulewa, hununuliwa kwa kiingilio cha bure. Jibu langu ni kwamba shahidi si sawa na umati. Wale waliotoka kuona ubusoka hawakupiga kura ya nani apendwe. Walikuwa na wajibu: kuwa wamemjua wa zamani, kuwapo wakati wa kukabidhi, na kuweza kusema baadaye, mbele ya mtu yeyote, kwamba mambo yalifuata njia. Anayeingia ukumbini kwa mara ya kwanza leo hawezi kunithibitishia kwamba hii ni Sikinde, hata akicheza mpaka asubuhi. Anayeweza ni yule aliyelia 1985. Ndiyo maana nawaonea shaka wenye bendi, na wasemaji wao, wanaowahimiza mashabiki wasahau haraka na kuwapokea wapya kwa furaha. Wanawafukuza mashahidi pekee walio nao. Nadi Ikhwan Safaa ya Zanzibar imekuwapo tangu 1905, na hakuna aliye hai leo aliyewasikia waanzilishi wake. Kilichoivusha ni kwamba katika kila kizazi walikuwapo wasikilizaji wagumu waliokataa kuridhika upesi, wakamsumbua mrithi mpaka akajifunza.

Lipo jambo moja ambalo mfano wa Lwembe hauwezi kulibeba, na ni afadhali kulisema kuliko kulificha. Lwembe hakurudi. Mwimbaji hurudi. TX Moshi alipofariki Machi 2006, Msondo ilikuwa na kaburi la kuendea, ikalia, ikaendelea, na huzuni ile ilikuwa na mwisho kama huzuni zote zenye kaburi. Hakuna aliyemlaumu. Lakini aliyehama yuko hai mtaa wa pili, anaimba, na kila Jumamosi anaweza kusikika kupitia ukuta. Msiba wake hauna maiti. Mashabiki hawawezi kumfukuza kwa sababu hajafa, wala hawawezi kumkaribisha kwa sababu hajaondoka vya kutosha, na hasira yao inazunguka bila mahali pa kutua. Nadhani hapo ndipo inapotoka ile hali ya ajabu, kwamba watu humsamehe mwimbaji kufa kuliko kuhama. Bitchuka amehama na kurudi kati ya Sikinde na Msondo zaidi ya mara moja, na kila aliporudi alipokelewa; Gurumo vilevile alipokelewa Msondo na akaimba humo mpaka karibu na mwisho wake mwaka 2014. Walipokelewa kama waimbaji wakubwa, kwa heshima yote. Hata hivyo aliyerudi alimkuta mtu kwenye kiti, na mtu yule hakuombwa asimame.